Sahani Iliyopigwa Siku ya Sakrant

Mama mkwe wangu aliitwa Dhapo, maana yake "tumeshiba". Wazazi wake walikuwa wameshapata mabinti watatu, na alipotoka wa nne baba yake alikwenda kusimama peke yake katikati ya miwa. Bibi mmoja wa nyumba ile akasema, mwiteni Dhapo, Mungu asikie kwamba kwa mabinti tumeshiba. Mwenyewe alikuwa akisimulia habari hiyo huku anajipiga tumbo na kucheka. "Baada yangu wakaja wavulana wawili," alisema, "na wote wawili niliwalisha kwa mkono huu. Mwenye shibe ndiye anayelisha."

Niliishi naye chini ya paa moja tangu nilipoolewa mpaka alipofariki, na nilimwangalia sana. Mimi ni mtu wa kuangalia. Nikimsikia mtu anakohoa mara mbili nauliza amekula nini. Yeye hakuwa hivyo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, mjane mapema, aliyelima shamba kwa mkono wake mpaka mume wangu Satbir alipopata nguvu za kushika jembe. Kijiji chetu, Kheri Mandal, kiko karibu na Panipat. Nchi hiyo ni tambarare kama chapati, na kila aliyetaka kuitawala Delhi ilimbidi apite juu yake. Mashamba yetu yana vyuma vya zamani kama mashamba ya wengine yalivyo na mawe. Dhapo alikuwa na risasi ya mzinga aliyoifukua mwenyewe akilima, na aliitumia kupondea vitunguu saumu.

Asubuhi ya Sakrant yangu ya kwanza kwake niliamka kabla ya kila mtu, kama nilivyofunzwa kwetu upande wa Rohtak. Kwetu Sakrant, sikukuu ya katikati ya Januari, ni siku ya baridi kali na moto mkubwa. Ufuta unakaangwa, sukari guru inayeyushwa, uji mzito wa uwele unamiminiwa samli mpaka inaelea. Zaidi ya yote ni siku ya kuwabembeleza wazee. Mama mkwe, au mzee yeyote wa upande wa mume, hujifanya amekasirika, akahama nyumba, akaenda kukaa kwa jirani au barazani na kugeuza uso. Wake wa ukoo humfuata wakiimba, wakamfunika shali jipya, wakamkanda miguu, wakamlisha kitamu mdomoni, mpaka acheke na kurudi nyumbani. Mzee aliyebembelezwa hutembea kifua mbele mwaka mzima.

Basi niliwasha moto, nikaweka kikaango, nikamimina ufuta. Ulikuwa haujaanza hata kuruka nilipoona mkono umenyooshwa kutoka nyuma yangu. Dhapo akakishika kikaango kwa ncha ya shela yake, akaumwaga ufuta kwenye bakuli, akakipindua kikaango juu ya jiko la udongo, mgongo juu.

"Kwenu siku hii mnakula?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Hata kwetu tulikuwa tunakula. Hapa hatuli. Keti nikwambie, mwali, maana usipoambiwa leo utafikiri nimekunyima."

Aliniita mwali siku ile, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipokuwa na mvi.

Akaniambia. Majira ya baridi kama haya, zamani za babu wa babu, jeshi la Wamaratha kutoka kusini lilifungiwa Panipat. Ahmad Shah na Waafghani wake walikuwa wameuvuka mto Yamuna na kuikata njia ya chakula. Wiki zikapita, kisha miezi. Ng'ombe wa mizigo wakaliwa, majani yakaliwa. Mwisho askari wakamwendea jemadari wao wakamwambia, bora tufe tukiwa tumesimama. Wakajipaka manjano usoni kama watu wanaokwenda harusini, wakatoka asubuhi kupigana na matumbo matupu. Mpaka adhuhuri walikuwa wanashinda. Jua lilipozama walikuwa wameanguka kwa maelfu yasiyohesabika.

Watu saba waliojeruhiwa walitambaa mpaka mashamba ya haradali ya Kheri Mandal. Mjane mmoja wa hapo aliwakuta, akawaficha ndani ya marundo ya samadi kavu ya kuwashia moto, yale tunayoyajenga makubwa kama vibanda, akawalisha mtindi usiku na mchana. Wakapona. Wakaoa hapo hapo, na ukoo wetu wote umetoka kwao. Wenye vitabu wanabishana kama vita ilikuwa siku ya Sakrant yenyewe au siku chache baada yake. Kijijini hawabishani. Sakrant ilipofika mwaka uliofuata, wake wa wale saba walipindua vikaango. Tangu hapo siku hiyo hatuwashi moto mpaka jua lizame. Tunajipaka manjano kwenye paji la uso na kukaa kimya.

"Na itakuwa hivi mpaka lini?" nilimuuliza siku ile.

"Mpaka mtoto wa kiume azaliwe Sakrant kwenye ukoo, au ng'ombe azae. Si ndivyo hata kwenu?"

Ni kweli, ndivyo ilivyo Haryana nzima. Mtu akifa siku ya sikukuu, nyumba yake huifunga sikukuu hiyo, na ni uzazi tu unaoifungua. Lakini nilishangaa kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyezaa. Dhapo akacheka kwa pua.

"Walizaa sana. Wazee wanasema mvulana wa kwanza alikufa kabla hajapewa jina, basi hakuhesabiwa. Wa pili walisema alizaliwa jua limeshazama. Mimi mwenyewe mwaka niliokuja hapa, nyati wangu wa maziwa alizaa Sakrant asubuhi kweupe. Nikakimbilia kwa baba mkwe. Akavuta kiko chake cha maji akaniambia, nyati si ng'ombe."

"Ukasema nini?"

"Nilikuwa mwali. Nilikwenda kumkamua nyati."

Nilielewa baadaye kwa nini wanaume walikuwa na sababu nyingi hivyo. Msiba ule ulikuwa fahari yao. Vijiji vingine vilikuwa na visima vitamu au wanamieleka; sisi tulikuwa na njaa ya mashujaa. Na Dhapo aliishika fahari hiyo kuliko wanaume wote. Siku ya Sakrant hakumeza hata maji mpaka jioni, hata mwaka alioumwa homa. Hakuwahi kunung'unika, ingawa dada zake kila mwaka walimpelekea habari za mashali waliyopewa.

Watoto walimpenda kwa sababu ya vita. Jioni akikanda unga aliwapanga majeshi sakafuni. Dengu walikuwa askari, vitunguu walikuwa tembo. Alianza mbali, na vita vya ndugu kwa ndugu pale Kurukshetra, kisha akashuka nao mpaka kwetu. Babur alikuja na watu wachache kuliko Sultan Ibrahim, lakini alifunga mikokoteni kwa kamba za ngozi na kuweka mizinga nyuma yake. Hapo Dhapo alifunga vijiko kwa uzi na watoto wakaziba masikio. Kisha Hemu, mwenzetu wa Rewari, mfanyabiashara aliyegeuka jemadari, ameshinda vita kila alipokwenda, ameketi juu ya kitunguu kikubwa kuliko vyote. Mshale ukampata jichoni. Watoto walijua unakuja, na bado walinyamaza kila mara.

"Bibi, kama mshale ungepita pembeni?" aliuliza siku moja mwanangu Jaivir akiwa mdogo.

"Basi tungekuwa na simulizi nyingine na unga ule ule. Leta maji."

Vita ya tatu ya Panipat, ile ya Wamaratha, hakuipanga kwa dengu. "Hao hawakuwa na hata dengu moja," alisema, akaifagia sakafu kwa kiganja.

Jaivir alikua, akaingia jeshini, akapelekwa milimani kwenye barafu. Tukamwoza Manju, msichana mrefu mwenye sauti ya chini. Mwaka wa pili Manju akawa mjamzito. Muuguzi wa kijiji alipopiga hesabu alisema mtoto atakuja karibu na Sakrant, na habari ikazunguka ukoo mzima kabla muuguzi hajafika kwake.

Jirani yetu Angoori, mjane wa mmoja wa watoto wa ndugu zake marehemu baba mkwe, ana mdomo usiofungwa. Alimkuta Manju anateka maji akamwambia, "We Manju, ukituzalia mvulana siku ile nitakununia. Siku moja tu kwa mwaka jiko langu linalala, na wewe unataka kuliamsha."

Wanaume walikuwa wakilisema jambo hilo kwa sauti nyingine. Mkubwa wa ukoo ni Rishal, mtoto wa baba mkubwa wa mume wangu. Ana masharubu ambayo huyapaka samli, na kila Januari huvaa kilemba cha rangi ya zafarani na kwenda kwenye mnara wa vita, ambako watu hutoka Pune na kwingineko kusini kuwakumbuka wafu wao. Huwekwa mbele. Wageni humgusa miguu, hupiga naye picha, kwa sababu yeye ni mzao wa wale saba na hajala. Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Alimlipia Satbir dawa bila kuombwa. Lakini mimi simwonyeshi uso wala sisemi naye, maana kwetu mke hujifunika mbele ya shemeji aliyemzidi mumewe. Nikitaka kumwambia kitu huliambia jiko, au mtoto, au nyati, naye husikia.

Dhapo hakufungwa na hilo, wala Angoori, ambaye marehemu mumewe alimzidi Rishal umri. Kwa Dhapo Rishal alikuwa mtoto, na yeye alimwita mama mdogo.

Miezi ile sikulala vizuri. Nilimhesabia Manju pumzi. Nilimficha viatu vyenye soli ya kuteleza. Mchana mmoja tulikuwa tunabandika samadi ukutani ikauke, Dhapo akaniambia bila kuniangalia, "Mwali, unaogopa nini?"

"Kila kitu, Mama."

"Anza na kimoja."

Nikasema ukweli. "Naogopa azae msichana, na watu wakae kimya."

Kwetu akizaliwa mvulana, mwanamke wa nyumba hutoka uani na sahani ya shaba akaipiga, na kijiji kizima kinajua. Akizaliwa msichana, sahani inabaki ukutani. Majirani wanaona taa, wanaona maji yanamwagwa, wanajua, na hawaji mpaka kesho yake. Mimi nilizaa mabinti wawili kabla ya Jaivir. Dhapo alinikanda mgongo mara zote mbili, akanilisha samli kwa kijiko, akanisitiri kwa kila neno. Lakini sahani haikushuka. Sikumlaumu, hata yeye aliingia duniani kimya. Ila kimya kile nilikijua kilivyo, na huyu Manju alikuwa na umri mdogo kuliko niliokuwa nao mimi.

Dhapo aliendelea kubandika samadi. Mimi nilijuta kusema.

Sakrant ilipofika, ukungu ulianguka kama tunavyoujua Januari, mnene kiasi kwamba nyati alikuwa anakohoa nisimwone. Manju alishikwa na uchungu alfajiri. Satbir alimpakia kwenye gari la jirani kumpeleka hospitali, akarudi kabla hajafika barabara kuu.

"Sioni hata taa zangu mwenyewe," akasema. "Nikiendelea nitawaua wote wawili."

Muuguzi alikuja kwa miguu akipapasa kuta. Akataka maji ya moto. Nikatazama jiko: kikaango kimepinduliwa, majivu yamepoa. Manju alinitazama. Nilikuwa nimesimama tu, sijui niombe ruhusa kwa nani, Dhapo akanipita na mabua mkononi, akawasha.

"Maji ya mzazi si karamu," alisema. "Usisimame kama nguzo."

Mtoto alizaliwa jua likiwa limeshapanda mahali fulani juu ya ukungu. Alilia mara moja, kwa nguvu. Muuguzi akamfuta, akamwangalia, kisha akasema kwa ile sauti wanayoitumia, "Ni binti."

Chumba kikanyamaza. Ndicho kimya nilichokuwa nikikisema. Manju aligeuza uso ukutani.

"Mzima?" Dhapo akauliza.

"Mzima, Bibi. Ana nguvu."

"Na mama yake?"

"Mzima."

Dhapo alijifuta mikono kwenye shela. Akainyoosha ile mikono mifupi ukutani, akaitungua sahani ya shaba, akachukua upawa wa chuma, akatoka uani. Nilimfuata mlangoni. Alikuwa kivuli tu kwenye ukungu. Kisha akapiga. Alipiga kama mtu anayefukuza kunguru shambani, mpaka bega zima likawa linatikisika, akasimama akashika pumzi, akapiga tena.

Kwenye ukungu sauti ndiyo inayotembea. Nikasikia watu wakiitana kutoka paa hadi paa.

"Sahani hiyo ya wapi?"

"Kwa Dhapo."

"Mvulana, basi."

"Leo? Leo hii Sakrant?"

Halafu nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kijijini humo. Nyumba ya Angoori, chuma kikagonga udongo. Nyumba ya pili. Ya upande wa kisima. Wanawake walikuwa wanavigeuza vikaango mdomo juu. Wote ni wake waliotoka vijiji vingine, maana kwetu hakuna anayeoa kijijini mwake, na kila mmoja alikuwa na ufuta na sukari guru aliyoletewa na kaka yake kwa ajili ya kuliwa msiba ukishapita. Haikuchukua muda harufu ikaanza kuja na ukungu.

Sauti ya Rishal ikasikika njiani. Alikuwa ameshavaa kwenda kwenye mnara, akingoja ukungu uondoke. "Sikieni," alikuwa anasema kwa sauti ya barazani. "Sakrant ya Kheri Mandal imefunguliwa. Mimi Rishal nasema. Mwenye kikaango awashe." Sauti yake ilikuwa imelowa machozi, sitamdhulumu. Angoori alimkuta mlangoni pake akamtia tonge la ufuta mdomoni, naye Rishal akaingia uani kwetu akiwa bado anatafuna. Nikavuta shela usoni.

"Mama mdogo, hongera. Hongera kwetu sote. Tumpe jina la jemadari huyu mtoto."

"Mwachie akue, akilitaka atalichukua," alisema Dhapo. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, sahani mapajani. "Ni msichana, Rishal."

Taya likasimama.

"Umepiga sahani," akasema.

"Nimepiga."

"Sahani inapigwa kwa mvulana."

"Mtoto amelia, mkono ukapiga. Mkono wangu ni mzee, umeacha kuuliza maswali."

"Umetudanganya, Mama mdogo. Nimetangaza mbele ya watu."

"Mimi nimesema neno gani? Umesikia shaba ukatangaza mwenyewe. Ungeuliza, ningekujibu. Mlango uko wazi."

Nje ya ukuta wanawake walikuwa wamekusanyika. Hawakuonekana, ila bangili zao zilisikika.

Rishal akashusha sauti. "Kanuni si yangu. Ni mvulana au ng'ombe."

"Haya. Ng'ombe akizaa ndama jike, sikukuu inafunguka au haifunguki?"

Akafikiri. Ni mkweli, hata akikasirika. "Inafunguka. Jike ni bora, ana maziwa."

"Basi huyu wa Manju mhesabu kwa ng'ombe, kama kwa watu umemkosea nafasi."

Nje mtu alicheka akajiziba mdomo. Nadhani ni Angoori. Rishal akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Unafanya mzaha na wafu."

Hapo Dhapo alisimama. Sijui kama nimewahi kumwona amesimama wima vile. "Mimi? Mwaka gani nimekula siku hii? Niambie mwaka mmoja. Nilikuja hapa na miaka kumi na saba, na njaa yao nimeibeba kuliko wewe, maana wewe jioni unakwenda kupigwa picha. Sikiliza nikwambie, mwanangu. Wale saba hawakufichwa na jemadari. Walifichwa na mwanamke, ndani ya samadi. Waliofunga siku hii ni wanawake, na walipoifunga waliacha mlango: mtoto azaliwe. Wangetaka iwe milele wangesema milele. Walikuwa wanangoja uzazi. Kila ukija, nyinyi mnasema huyu kachelewa, huyu nyati. Watu wamekufa na njaa, Rishal, na wewe unafikiri wanafurahi kuona sufuria zimepinduliwa?"

Rishal akakishika kilemba chake. Aliposema, hakuwa mkubwa wa ukoo tena, alikuwa mtoto wa shemeji yake. "Na wageni wa kusini nitawaambia nini? Mama mdogo, mimi ninajulikana kwa njaa hii."

"Waambie waje wale. Babu zao ndio waliokosa."

Aligeuka akatoka. Baada ya muda mfupi ukaja ujumbe: Rishal amekaa barazani peke yake, uso umeelekea ukutani, hatakula mpaka jua lizame, na nyumba itakayokula leo, yeye hataikanyaga tena.

Lilikuwa neno zito. Arusi zetu, misiba yetu, mipaka ya mashamba yetu, vyote hupita mikononi mwake. Bangili zikaacha kulia nje ya ukuta. Angoori akachungulia, uso umempauka. "Mama, nipindue au nisipindue? Ufuta unaungua." Nikasikia, mbali kidogo, chuma kimoja kikirudishwa mgongo juu. Kisha kingine. Ndani Manju alikuwa amesikia yote. Nilimwona amemvuta mtoto karibu, kama anayemficha. Mtoto huyu angekua akiitwa yule aliyeharibu.

Dhapo alinitazama.

"Mwali. Kuna mzee amekasirika, amehama nyumba, amegeuza uso ukutani. Leo ni siku gani?"

Nilichelewa kumwelewa, nikiwa na hofu sielewi haraka. Kisha nikaelewa, na licha ya hofu yangu nikasikia kicheko kinapanda.

"Sakrant, Mama."

"Basi unangoja nini? Mimi nakaa na mtoto. Chukueni shali."

Nilitoa shali la sufu nililoletewa na kaka yangu, jipya, na harufu ya sanduku bado imo. Tukatoka, mimi mbele, nikiwa nimejifunika mpaka kifuani, Angoori na bakuli la ufuta, wengine nyuma yetu mmoja mmoja wakitokea kwenye ukungu. Ukoo wetu haukuwa na wimbo wa siku hiyo. Kila mmoja akaimba wa kwao. Wa Jind akaimba wa Jind, wa Sonipat wa Sonipat, kwa mapigo yasiyofanana, na mimi nikaimba wa kwetu, mzee kanuna, mzee kahama, nani atavuta kiko leo, rudi mzee, nyumba ni baridi. Ilikuwa kelele zaidi kuliko wimbo.

Rishal alisikia, mgongo wake ukakakamaa. Nilimfunika shali mabegani. Akalisukuma likaanguka. Nikalirudisha. Nikaketi chini nikashika miguu yake kuikanda, miguu ya mtu ambaye katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwambia hata neno moja.

"Mwambieni mke wa Satbir asijisumbue," aliuambia ukuta. "Sijanuna kwa desturi. Nimenuna kweli."

Niliuambia mguu wake, "Mwambieni shemeji, hata kwetu wote husema hivyo."

Wanawake wakacheka. Mabega yake yakacheza kidogo, akayazuia. "Siku hii sijala miaka sitini," akasema, "na leo sili."

Angoori akainama kumtazama usoni, mikono kiunoni. "Shemeji, mbona ufuta wangu uko kwenye masharubu yako?"

Mkono wa Rishal ukaenda wenyewe. Punje zilikuwa pale, zimenata kwenye samli, nyingi. Alizitazama kwenye kidole. Nilimsubiri akasirike. Uso wake ukafanya kazi kubwa, ukapinda huku na huku, kisha akacheka, kicheko cha kukohoa, mpaka kilemba kikalegea, na tukamlisha wote, mmoja baada ya mwingine, hata akaomba maji.

Akarudi nasi akiwa amefunikwa shali. Mlangoni kwetu alivua viatu, akaomba aonyeshwe mtoto. Alimtazama sana. "Ana paji la uso la ukoo," akasema. Dhapo akachovya kidole kwenye manjano akampaka mtoto hapo hapo kwenye paji, kisha akampaka Rishal, kisha akala tonge lake la kwanza la ufuta katika Kheri Mandal. Alitafuna taratibu. "Umeungua kidogo," alimwambia Angoori.

Aliishi kuona Sakrant nyingine kadhaa. Mwaka uliofuata alinuna kwelikweli, akahamia nyumba ya tatu, akatukatalia mashali mawili kwa rangi, na wageni waliotoka Pune walisimama uani wakila uji wa uwele na samli huku wanamngoja akubali. Manjano bado tunapaka alfajiri, kabla ya moto kuwashwa, na tunakaa kimya kidogo. Halafu tunakula. Sahani siku hizi inapigwa kwa kila mtoto wa ukoo; wapo wanaonung'unika, lakini wanakuja kula.

Mjukuu wangu sasa anakwenda shule. Bado namfuata kwa macho mpaka kona, na nikiona wingu namrudisha achukue sweta. Mgeni akipita njiani akauliza huyu binti ni wa nani, simtaji baba yake kwanza. Nasema ni wa Dhapo, yule aliyefungua Sakrant, na nasema kwa sauti ili walio barazani wasikie.